Mkufu wa Mama ndani ya Bilauri

Deira, Dubai

Dada yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Huku mimi mzima, joto tu ndilo linalotutoa roho. Natumai hapo Tanga nyote hamjambo na mguu wa Mama umepata nafuu. Barua hii isome peke yako kwanza, ukishamaliza utaamua mwenyewe.

Ile bangili na ule mkufu alionikabidhi Mama niviuze ili tuezeke nyumba, nimevipima. Wenye maduka ya dhahabu huku wana mashine ya mionzi inayosoma karati, yaani usafi wa dhahabu, papo hapo, ila nilitaka nijue mwenyewe kabla sijamfungulia mtu kitambaa. Fundi wetu mzee, Mhindi wa Gujarat, akanionyesha njia ya maji.

Unaweka bilauri ya maji juu ya mizani, unairudisha mizani kwenye sifuri. Kitu chako unakining'iniza kwa uzi mwembamba, unakizamisha chote, kisiguse chini wala ubavuni. Mizani inapanda kidogo. Hicho kilichopanda ndicho uzito wa maji yaliyosukumwa, na kwa kuwa gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, ujazo umeshaupata. Unakumbuka shuleni tulivyotumbukiza jiwe kwenye silinda yenye mistari? Kwa bangili haifai. Maji hayapandi hata mililita mbili, jicho litasoma nini? Ile hadithi ya Arkimede, Mgiriki wa kale aliyepima kwa maji kama taji la mfalme wa Sirakusa ni dhahabu tupu, ya kukimbia uchi kutoka bafuni, nayo naona imetiwa chumvi. Galileo, mwanasayansi wa Italia, mwaka 1586 akiwa kijana wa miaka 22, aliandika kwamba kupima kwa maji yanayomwagika ni kubahatisha, akaeleza mizani ya kupimia vitu majini.

Basi bangili ikiwa kavu ilikuwa gramu 31.2. Majini, mizani ikasoma 1.76. Ukigawanya uzito kwa ujazo unapata densiti, yaani gramu kwa kila sentimita moja ya ujazo: 17.7. Dhahabu tupu ni 19.3, na ya karati 22, kwa kuwa imetiwa shaba na fedha kidogo, huangukia hapo hapo. Nikashusha pumzi. Mzee hakuridhika. Alisema kuna madini ya tangsteni, densiti yake 19.25, wajanja huyaficha ndani ya dhahabu na maji yasiseme kitu. Akaikwangua bangili kwa tupa mpaka ndani, akaisugua hapo kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha tindikali juu ya mstari ulioachwa. Mstari haukufutika.

Sasa mkufu. Kavu, gramu 22.1. Nilipouzamisha, viputo vya hewa viling'ang'ania kwenye vipete vyake kama mayai ya samaki. Kila kiputo kinaongeza ujazo wa uongo, na dhahabu nzuri inaweza kuonekana hafifu. Nikautoa, nikatia tone la sabuni majini, nikarudisha mizani sifuri, nikauzamisha tena na kuutikisa mpaka viputo vyote vikatoka. Mizani ikasoma 2.6. Nikarudia mara tatu, 2.6 ile ile.

Dada, hiyo ni 8.5. Hata fedha ni 10.5. Huo mkufu ni shaba na zinki, umechovywa dhahabu juu. Mama hauvai ila Idi na harusi, ndiyo maana haukuchujuka miaka yote hii. Mzee aliniangalia, akaenda kuchemsha chai.

Usiku sikulala. Kwanza nilimdhania Baba vibaya, Mungu anisamehe. Halafu nikakumbuka Mama anavyohadithia: marehemu aliulipia kwa mafungu, kila akirudi baharini anapitia kwa sonara kabla ya kufika nyumbani, ananuka samaki, na hela iko mkononi. Mtu anayedanganya mkewe halipi mwaka mzima. Aliibiwa yeye.

Bangili nimepewa bei nzuri, itatosha mabati ya vyumba viwili, ila kibaraza kitabaki bila bati. Mkufu siuuzi. Kumwongopea Mama siwezi, na kumwambia kwenye simu siwezi pia. Wewe unaishi naye, unajua lini moyo wake uko sawa. Nijibu kabla ya Ijumaa, maana mnunuzi wa bangili hatangoja zaidi ya hapo. Mkufu nimeufunga tena kwenye kile kile kipande cha kanga alichoufungia Mama, uko chini ya mto wangu.

Nduguyo