Yaya, ile gari uliyosema imeisha haijaisha

Yaya,

Wewe mkubwa wangu, Jumapili uliweka picha ya Peugeot 404 ya marehemu baba, gari tunayoitengeneza, kwenye grupu ya familia, ukaandika neno moja tu: "Imeisha!" Tangu siku hiyo siwezi kwenda sokoni kwa amani. Pale Kenya (mtaa wa Kenya wa hapa Lubumbashi, Kongo, si nchi) wananishika mkono: "Ile mutuka iko wapi? Tutapanda siku gani?" Hata bwana harusi, aliyetarajia gari hii kwenye msafara wake, amenipigia simu kuuliza kama maua yatafungwa mbele au nyuma. Kwa kuwa ulitangaza mbele ya watu wote, na mimi nakujibu mbele ya watu wote, ukiwa huko Kitwe, Zambia, na chai yako.

Picha uliipiga kutoka upande wa kushoto. Ulijua. Upande wa kulia mlango hauna kitasa, boneti imefungwa kwa waya, na kioo cha mbele hakipo kabisa. Kinachong'aa pale ni nailoni.

Wasiojua ugonjwa wetu niwaeleze kidogo. Hoti rodi zilianza na vijana wa California kabla ya Vita Kuu ya Pili. Walinunua Ford kuukuu za bei ya chini, wakavua madigadi na kila kilichokuwa na uzito, wakaongeza nguvu ya injini na kwenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka. Mwaka 1932 Ford walipotoa injini ya V8 (silinda nane) kwa bei ya mtu wa kawaida, moto ukawaka kweli. Sisi V8 hatuna. Tuna pick-up ya Peugeot 404, ile ambayo baba hakuchoka kutukumbusha kwamba 404 zenzake zilishinda mbio za Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968, na ndani yake tumetia injini ya Toyota 22R, sentimita za ujazo 2,366 mahali palipokuwa na 1,618. Unakumbuka tulivyodhani kazi kubwa ni kuingiza injini? Injini iliingia kwa wiki mbili. Ponti (ekseli) ya nyuma ndiyo iliyotula miezi, kwa sababu shafti ya Peugeot ile imefichwa ndani ya bomba na haina lugha moja na giaboksi ya Toyota. Hayo uliyaona kwa macho kabla hujaondoka. Nakuandikia yale ambayo hukuyaona.

Kwanza kioo. Ni wewe uliyetaka paa likatwe. Ulisema sentimita nane, nikakubali tano, fundi wa bodi akakata sita, na sijui alimpendelea nani. Gari ikapendeza, siwezi kukataa, imekaa kama paka anayenyemelea. Lakini paa likishuka, kioo nacho lazima kipungue. Kioo cha zamani kilikuwa cha aina iliyopikwa motoni ili kiwe kigumu, na kioo cha namna hiyo hakikatiki. Fundi alikigusa pembeni tu, kikamwagika chini chote kama chumvi ya mawe. Cha pili tulipata cha tabaka mbili chenye plastiki katikati, hicho kinakatika, ila nacho kikapasuka kwenye kona ya mwisho, jioni, wakati mimi tayari nilikuwa nimetuma mtoto kuleta munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, tusherehekee. Tukanywa munkoyo hivyo hivyo, kimya.

Kisha rangi. Tulikubaliana kijani cha malakiti, kama yale mawe wanayochonga na kuuzia wageni mjini. Nilingoja Agosti ili mvua isitusumbue, nikasahau kwamba Agosti vumbi jekundu halilali. Tukamwaga maji uani, tukatundika mashuka ya mama (usimwambie), fundi akaanza. Koti la kwanza likatoka na vishimo vidogo vya duara kila mahali, macho ya samaki. Kompresa ilikuwa inatema mafuta pamoja na hewa. Tukapiga msasa, tukaosha, tukaweka kichujio. Koti la pili lilikuwa linalala vizuri kama maziwa, na tulipofika katikati ya mlango umeme ukakatika. Ukirudi utauona ule mstari. Watu wanadhani ni urembo, nami nawaachia wadhani.

Kabureta nayo ilinisumbua bure, maana jibu lilikuwa chini ya miguu yetu. Mji huu uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi. Jikleri (kitundu cha kabureta kinachopima petroli) ya pwani inaimwagia injini petroli kuliko hewa iliyopo, ndiyo maana buji (plagi) zilikuwa zinatoka nyeusi kama makaa. Nimeweka jikleri ndogo zaidi. Sasa inaguruma vizuri, na majirani wamelalamika, ambayo ni dalili njema.

Lakini barua hii naiandika kwa ajili ya breki.

Unajua mji wetu. Tumezaliwa kwenye kivuli cha lile bomba la moshi la kiwanda cha shaba, shaba ilianza kuyeyushwa hapa 1911, na mtu yeyote ukimwambia unahitaji bomba jembamba, anakupa shaba. Ndivyo tulivyofanya. Niliona fahari hata: gari ya Lubumbashi, mishipa ya shaba! Nilizipinda mwenyewe kwa mkono, zikang'aa mpaka nikaona huruma kuzificha chini ya gari. Baada ya siku chache za kujaribu taratibu hapa mtaani, pedali ikazama. Si yote, nusu. Nikaingia chini nikakuta ufa mwembamba kama unywele pale bomba linapoingia kwenye nati. Mzee mmoja aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye gereji za reli akaniangalia kama mtoto. Akasema shaba tupu inachoka: kila mtikisiko unaifanya ngumu zaidi, na siku ikishakuwa ngumu inapasuka bila kuaga. Kwenye breki linatakiwa bomba la chuma lililopakwa dhidi ya kutu, au la shaba iliyochanganywa na nikeli, kama sehemu kumi kwa mia. Nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Ufa ule ungengoja msafara wa harusi, bibi harusi amekaa mbele na watoto wamejaa nyuma.

Na maji ya breki yaliyovuja yalidondokea digadi ya mbele. Yanakula rangi, Yaya. Asubuhi kijani chetu kilikuwa kimejikunja kama ngozi ya maziwa ya moto. Sehemu hiyo nitairudia mimi, sidai kitu.

Kwa hiyo hapana, Jumamosi ya harusi 404 haitatoka. Nimeshamwambia bwana harusi, alinyamaza kidogo, kisha akasema ataazima gari kwa mjomba wake. Mama amesema umemfanya mwongo mbele ya wakwe. Huo mmalizane wenyewe.

Ukija, niletee rola moja ya bomba la shaba na nikeli, kipenyo cha milimita 4.75, zile rola za mita saba na nusu hivi. Uliza duka la vipuri, usiende kwa mafundi wa friji, watakupa shaba tupu na kukuapia kwa mama zao. Niletee na mpira wa kioo cha mbele, hata kama ni wa gari nyingine, tutaukata. Na pesa ya rangi usinipe noti ya dola yenye mpasuko. Ile ya ishirini uliyonitumia mara ya mwisho bado iko kwenye droo, nimeizungusha Lubumbashi nzima na hakuna anayeitaka.

Mdogo wako