Majengo ya misheni yanauawa na saruji, si umri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wenye dhamana ya majengo ya kale ya misheni huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Tosamaganga hadi Rungwe na kwingineko. Kabla hamjampa fundi kazi ya "kuimarisha" kuta kwa lipu ya saruji, mwulizeni kwanza kama chokaa anaijua. Hoja huwa ileile, kwamba jengo lina miaka mia na ushee, limechoka, ama lizibwe kwa saruji ama libomolewe.

Sasa tuitazame nyumba iliyozeeka kweli. Huko Lacock, katika jimbo la Wiltshire, Uingereza, Ela wa Salisbury, mjane wa kabaila mkubwa, alianzisha nyumba ya masista Waaugustino mwaka 1232. Baadaye naye akaingia utawani, akawa Mama Mkuu wao. Masista waliishi pale miaka 300 hivi, hadi Januari 1539, Mfalme Henry VIII alipokuwa akifunga nyumba za watawa nchi nzima. Katika nyumba nyingi risasi (madini, si ya bunduki) iliyoezekea mapaa ilikuwa mali ya mfalme. Ikavuliwa, ikayeyushwa, mvua ikaingia, na kuta zilizokuwa imara zikabaki magofu.

Lacock ilinunuliwa na William Sharington, mtu ambaye miaka michache baadaye alitiwa hatiani kwa kuchezea sarafu za serikali huko Bristol, kisha akasamehewa. Mwaminifu hakuwa, lakini jengo alilijua. Kanisa alilivunja, ila ukuta wake wa kaskazini akaubakiza uwe ukuta wa kusini wa makazi yake. Ghorofa ya juu akaigeuza nyumba ya kuishi. Chini zikabaki veranda za mawe zinazozunguka ua, sakristia, chumba cha vikao na chumba cha kuotea moto (watu wa Makete wataelewa umuhimu wake). Anayelala juu havumilii paa linalovuja, na paa lake ndilo lililolinda matao ya chini. Ni katika nyumba hiyohiyo ambapo William Henry Fox Talbot, mwaka 1835, alipiga picha ya dirisha lenye vioo vidogo kama 200, na negativu yake (picha ya kinyume, penye mwanga pakiwa peusi) ni miongoni mwa za kwanza kabisa duniani. Mwaka 1944 Matilda Talbot aliikabidhi kwa taasisi ya uhifadhi ya National Trust.

Kwa hiyo jengo huishi likiwa na mtu ndani, paa zima, na ukuta unaopumua. Hapo kwenye kupumua ndipo tunapoharibu.

Tofali la kuchoma la zamani ni laini na hunywa maji. Ukuta uliojengwa bila kizuizi cha unyevu kwenye msingi huvuta maji kutoka ardhini, kisha huyatoa kupitia viungo vya kati ya tofali na lipu ya chokaa. Ukiufunika kwa saruji, ambayo ni ngumu kuliko tofali lenyewe, lipu hupasuka nyufa nyembamba. Mvua huingia humo na haipati pa kutokea. Chumvi iliyoyeyuka hujikusanya nyuma ya lipu, ikikauka hugeuka chembechembe na kulisukuma tofali kutoka ndani. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kutoka sakafuni hadi kiunoni. Ukilia uwazi, ng'oa kipande: uso wa tofali utakuja nacho, nyuma yake unga mwekundu. Rangi ya mafuta inayopakwa juu yake kila mwaka wa sherehe huzidisha tu tatizo.

Dawa haianzii ukutani. Anza na bati na gata, kisha chimba udongo wa bustani uliorundikwa nje mpaka ushuke chini ya usawa wa sakafu, walau sentimita 15, na mtaro uelekeze maji mbali. Ndipo uvue saruji kwa patasi na nyundo ndogo. Pale ilipong'ang'ania hadi inabandua tofali, iache. Ukuta ukauke kwa wiki kadhaa.

Mchanganyiko ni ndoo 1 ya chokaa kwa ndoo 3 za mchanga wa mto uliochekechwa. Pima mchanga kwanza: tia kwenye chupa yenye maji, tikisa, uache utulie. Tope likiwa nene juu yake, uoshe. Chokaa ya mawe iliyochomwa hutiwa ndani ya maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya chokaa, kwa maana huchemka na kuruka machoni. Iloweke mwezi mmodi au zaidi. Wenye haraka huacha vidonge visivyoiva, navyo huja kulipuka ndani ya lipu miezi baadaye na kuacha vishimo. Chimba viungo hadi sentimita 2 au 2.5, lowesha, jaza, bana vizuri. Lipu ipigwe tabaka za kama milimita 10, kila moja ikishika ndipo ifuate nyingine. Upepo mkavu wa kipupwe huikausha upesi mno ikawa vumbi, kwa hiyo ifunike kwa magunia mabichi siku kadhaa. Na msiongeze "kasaruji kidogo ili ishike", maana mnarudi kulekule.

Kazi ianze mvua zikishakatika, Mei, ili chokaa ipate miezi ya kukomaa kabla ya Novemba. Na kabla ya kumkabidhi fundi jengo zima, apige mita moja ya mraba upande unaopigwa na mvua, mkaitazame baada ya masika kabla ya kusaini mkataba.

Fundi mwashi,
Iringa