Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Viazi Vyetu na Maneno ya Guniani

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana, hamjambo.

Nasoma kwa Kiswahili kama mlivyoomba. Humu ndani kuna Wasabiny, Wagisu na wenzetu waliotelemka kutoka Bukwo, na sokoni Kapchorwa, hapa mashariki mwa Uganda, sote tunauziana kwa lugha hii. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, kwa hiyo sitazigusa.

Ugomvi wetu mkubwa mwaka huu ulikuwa juu ya maneno. Vijana wa masoko walitaka magunia yachapishwe kwamba viazi vyetu vya kilimo hai "vinatibu kisukari na presha". Nilikataa, na wapo walioninunia mpaka leo. Narudia mbele yenu: mbatata haitibu kisukari. Ukila nyingi, hasa ya kupondwa ikiwa moto, sukari inapanda haraka. Samadi ya mbuzi nayo haiigeuzi mbatata kuwa dawa. Ukilinganisha ya kilimo hai na ya kawaida, tofauti ya virutubishi ni ndogo. Mbegu, udongo na muda wa kukaa stoo mara nyingi vina uzito zaidi. Sisi tunachoweza kujivunia ni kwamba hatupulizi mankozebu, ile dawa ya dukani ya kuzuia ukungu wa majani, wiki baada ya wiki, na mlaji hanunui mabaki yake. Hilo ni la kweli, na linatosha kuandikwa guniani.

Lakini msidhani nimekuja kuidharau mbatata. Gramu 100 zilizochemshwa na maganda zina kalori 87 hivi, potasiamu kama miligramu 380, yaani kuzidi kidogo ndizi mbivu, na vitamini C kama miligramu 13. Menya kwanza ndipo uchemshe, na vitamini C inashuka karibu nusu, inaishia kwenye maji unayomwaga. Mama mkwe wangu hajui miligramu, lakini huosha udongo kwa gunzi la mahindi, anachemsha na ganda, anamenya mezani huku akipuliza vidole. Kisha anamwagia maharage. Hapo kapatia mara mbili, kwa sababu vitamini C inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage.

Mteja mmoja wa Mbale aliniuliza kuhusu vitamini A. Nilimwelekeza kwenye viazi vitamu vya rangi ya chungwa, Kabode na Vita. Sisi hatuna, na kumdanganya ni kumpoteza.

Sasa mbegu. Victoria bado ndiyo mama wa mashamba yetu: ganda jekundu, inakomaa mapema, na wenzetu wa Kenya wanaiita Asante. Udhaifu wake mnaujua. Ukungu ukishuka mlimani siku tatu mfululizo, majani yanashikwa na ugonjwa wa ukungu, yanageuka kama yaliyounguzwa. Kinigi inachelewa shambani, ila wakaanga chipsi wanaipenda kwa sababu haina maji mengi. Shangi inayopita Suam, mpakani na Kenya, inaiva haraka jikoni, lakini inachipua kabla hujapata mnunuzi. Ushauri wangu ni kwamba asiwepo mtu wa kupanda aina moja shamba zima.

Mmoja wenu aliuliza juu ya ile Victoria iliyotiwa jeni tatu za kuhimili ugonjwa huo wa ukungu, ambayo watafiti wa NARO, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, na CIP, kituo cha kimataifa cha viazi, wameijaribu hapa nchini. Kazi yao naiheshimu. Ila viwango vya kilimo hai vya Afrika Mashariki vya mwaka 2007, ambavyo ndivyo vyenye alama ya Kilimohai ya kuthibitisha mazao, havikubali mbegu zilizobadilishwa jeni. Tukiipanda, alama hatuipati.

Nije kwenye aibu yetu. Hoteli moja ya Kampala ilirudisha mzigo wetu kwa sababu mbatata zilikuwa na kijani. Walikuwa na haki. Tuliziacha kando ya barabara siku mbili tukisubiri lori, bila hata turubai, na mimi mwenyewe nilikuwepo. Kiazi kikipigwa na mwanga kinageuka kijani na kujenga solanini, sumu chungu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Baadaye nikamwona mtu akizipanga zilezile chini ya lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kiasi, nzuri juu. Simtaji. Safari ijayo nitamtaja.

La mwisho ni mnyauko, nao unaniumiza zaidi kuliko ukungu. Mnyauko bakteria hauna dawa, wala ya dukani wala ya mitishamba. Shina likilala mchana wakati udongo una maji, likate karibu na ardhi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi na ulishike bila kulitikisa. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, ng'oa mche na viazi vyake, utoe shambani. Hapo usirudishe mbatata, wala nyanya, biringanya au pilipili, kwa misimu kadhaa. Panda mahindi au maharage. Wengi tuliouguliwa msimu uliopita tulinunua mbegu sokoni bila kuuliza imetoka wapi.

Kwa hiyo, kabla ya mvua za Machi, kila mwenye mbegu ya nyumbani aje nayo kwenye stoo Jumamosi tuzikague pamoja. Chache tutazipasua; zenye pete ya kahawia ndani, au macho yaliyogandiwa na udongo kwa ute, hazitapandwa, hata zikiwa zangu. Kisu nitaleta mimi.