Mwenye deni naye ana haki ya kupanda waridi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki mbili zilizopita kuhusu watu wenye madeni. Alisema ukimwona mtu anadaiwa na bado anamwagilia maua, ujue hana nia ya kulipa. Eti muda huo angeutumia kutafuta hela, na mambo ya kupendezesha nyumba yasubiri mpaka deni liishe. Nilisoma barua ile sokoni Mwaloni, kwenye kibanda cha mama wa chai, nikairudia mara ya pili chai ikipoa. Mtu anayemsema ni mimi. Nilidaiwa, na maua nilimwagilia.

Nauza dagaa hapo Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, huu mwaka wa kumi na mbili. Baba watoto ni fundi wa mitumbwi. Tunakaa Kitangiri, juu kwenye mawe, nyumba ya vyumba vitatu tuliyojenga kidogo kidogo. Watoto wetu ni mapacha, Kulwa na Doto, walio sekondari, na mdogo wao Shija.

Desemba 2023 baba mkwe aliugua sana. Nikakopa 1,200,000 kwenye taasisi moja ya hapa mjini, marejesho 98,000 kila Jumatatu kwa wiki 16. Jumla yake ni 1,568,000, ukiacha hela ya fomu. Nilisaini mwenyewe na akili zangu timamu, mgonjwa akiwa wodini. Mzee hakupona. Januari tulizika, na dada yangu akatuazima 350,000 za msiba.

Hapa naomba niwaeleze wasioijua biashara ya dagaa, maana ndipo tulipoanguka. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa, dagaa wanafuata mwanga, wavu unashushwa. Mwezi ukishakuwa mkubwa taa haiwavuti tena, mitumbwi inalala. Kila mwezi kuna siku kama kumi ambazo mzigo ni haba, na ukiupata unaununua kwa bei ambayo mteja wa rejareja haiwezi. Sisi kule tunaishi kwa giza. Giza likiingia unakimbizana na kazi usiku na mchana, mbalamwezi ikiingia unakaa na turubai tupu. Lakini Jumatatu inakuja kila wiki, mwezi uwake usiwake.

Marejesho ya wiki za mbalamwezi yaliponishinda, nikaenda kwa mtu wa mtaani anayekopesha. Akanipa 400,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Fedha hiyo ilikwisha yote kwenye marejesho ya wiki nne tu. Yaani nilikopa kwa moto ili nilipe moto. Ndiyo mikopo tunayoiita kausha damu, na nilianza kuielewa ile damu ni ipi.

Sasa nimwambie msomaji mwenzangu nyumba ya mwenye deni inavyokuwa, kama hajawahi kuishi humo. Mlango unafungwa mchana kweupe. Tuliacha kula nje, kwa sababu anayepita njiani anakuona uko nyumbani. Shija, miaka sita wakati huo, akisikia pikipiki inapanda mlima, huenda ni mdai, alikuwa anakwenda mwenyewe kuzima redio. Hakuna aliyemfundisha. Siku niliyoligundua hilo nililia hadi kwikwi ikanishika.

Nikaanza kukawia Mwaloni hata kama sina mzigo, nirudi usiku. Baba watoto naye akahamia kijiweni. Mapacha wakitoka shule wanazunguka kwa rafiki zao. Kila mmoja huko aliko anakula cha kununua: huyu chipsi, huyu kahawa na kashata, huyu sambusa na soda. Nyumbani jiko halikuwashwa kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa humo awashe. Baadaye tulipokaa kuhesabu, tulikuta zaidi ya 100,000 kwa mwezi zilikuwa zinapotea hivyo, shilingi mia tano mia tano, katika familia inayokosa marejesho. Hizo hatukuzila kwa starehe. Tulikuwa tunaikimbia nyumba yetu wenyewe, na kukimbia kuna gharama.

Mwisho wa Februari 2024 tulikaa chini usiku mmoja na daftari la hesabu la Doto, lile la vijumba. Tukaandika kila kitu. Taasisi, wiki kumi zilizobaki, 980,000. Yule mtu, 400,000. Dada, 350,000. Duka la jirani, 86,000. Mikopo ya kwenye simu, 45,000. Jumla 1,861,000. Baba watoto aliitazama ile namba muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe lina mwisho." Tangu Desemba lilikuwa linatutisha kwa sababu halikuwa na sura.

Mama mkwe alikuja kutoka Magu siku chache baada ya hapo. Pembeni ya nyumba, katikati ya majabali mawili, palikuwa na kipande kama mkeka mkubwa, tulikuwa tunatupa taka. Mama alifungua pindo la kanga yake, ndani kulikuwa na mbegu za mgagani, nyeusi, ndogo kama chembe za baruti. Akauliza, "Hapa mnasubiri nini?" Hakuna aliyekuwa na jibu.

Udongo wa Kitangiri ni mchanga wa mawe, maji yanapita kama kwenye chekeche. Basi tulianza na mboji. Kulwa na baba yake walibeba magugu maji kutoka ufukweni kwa magunia, wakayaanika mpaka yakakauka, tukayachanganya na majani na majivu. Mimi nikawa natoka na vumbi la dagaa, yale makombo yanayobaki ukikung'uta turubai jioni. Hilo lazima ulifukie shimo la kiwiko kizima, vinginevyo paka wa mtaa mzima watakuja kufukua usiku. Ukingo tulijenga kwa mawe, mawe ndiyo mali yetu huku. Masika ilipoanza Machi tukapanda mgagani, mchicha, sukumawiki, na matembele kwenye mteremko yashike udongo.

Mchicha tulichuma kabla mwezi haujaisha. Sukumawiki ililiwa na pimbi. Wanatoka kwenye nyufa za mawe alfajiri, wanene, hawana haraka, na asubuhi ile tulikuta vijiti vimesimama safu mbili kama vidole. Baba watoto alileta vipande vya nyavu kuukuu akazungushia, akavikaza chini kwa mawe. Tukapanda upya. Doto akawa anaamka kabla ya adhana kuangalia kama wamerudi, yeye ambaye kumwamsha aende shule ilikuwa vita.

Waridi lilikuja kwa jirani. Alikuwa anapogoa lake, akanipa kijiti kimoja cha urefu wa penseli. Nikakichomeka kwenye ndoo ya mafuta ya kula iliyotoboka kitako, nikaiweka juu ya jabali karibu na mlango. Nalimwagilia kwa maji ya kusuuzia mchele, kikombe kimoja jioni. Hicho kikombe ndicho msomaji mwenzangu anachonihesabia.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba bustani ililipa deni. Zamani nilinunua mboga ya 1,500 kwa siku. Bustani ikatupa mboga siku tano za wiki, sawa na kama 30,000 kwa mwezi, tena kiangazi cha Juni hadi Agosti ilikauka tukarudi sokoni. Kwa miezi tisa ya kuchuma hiyo ni 270,000, haifiki hata sehemu ya sita ya deni. Faida yake kubwa ilikuwa kwingine. Watu walirudi nyumbani. Jioni kuna cha kumwagilia, kuna cha kuchuma, ukishachuma unapika, ukipika mnakula pamoja, na ile laki moja ya vijiweni ikabaki ndani ya nyumba. Sijui njia nyingine ambayo ningemtoa baba watoto kijiweni bila ugomvi.

Na tuliuza pia, asidhani tulikaa tunatazama maua. Friji liliondoka kwa 280,000. Nikaongeza 120,000 za mgao wa kikoba, siku hiyohiyo nikampelekea yule mtu 400,000 zake zote. Tulianza na yeye kwa sababu riba yake ndiyo iliyokuwa inauma kuliko zote. Watu wengi wanaanza kumlipa anayepiga kelele. Mwangalie anayekula zaidi, hata kama ananyamaza.

Kwenye ile taasisi nilikwenda na daftari la Doto mkononi. Nikamwonyesha afisa mikopo siku za giza na za mbalamwezi za miezi mitatu, na mauzo yangu ya kila siku pembeni. Akasema mfumo hauruhusu. Nikarudi mara ya pili, nikaomba kumwona meneja. Yeye alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, akakubali: 100,000 kila wiki katika zile wiki mbili za giza, wiki za mbalamwezi nipumzike. Sikukosa hata mara moja. Deni lile lililonitoa mbio kwa Jumatatu za kila wiki nililimaliza Julai 2024 bila pikipiki kupanda mlima tena. La simu na la duka likafuata. La dada lilikwenda taratibu, na Machi 2025 nilimpa kipande cha mwisho nikiwa nimemfungia mgagani kwenye gazeti. Alipokea mboga kwanza.

Kwa hiyo ombi langu kupitia gazeti lako ni kwa wakopeshaji wa ukanda huu wa ziwa, Mwanza, Sengerema, Ukerewe, Magu, kote ambako watu wanaishi kwa dagaa. Mnatukopesha mkijua kazi yetu, mnaiandika kwenye fomu. Basi marejesho yafuate giza. Hatuombi kusamehewa hata shilingi. Mama muuza dagaa anayelipa akiwa na hela atalipa yote, anayelazimishwa kulipa hana hela atakwenda kwa yule mtu wa mtaani, na ninyi mtakuwa mmempeleka.

Kwa wakopaji wenzangu: ipo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mkopeshaji lazima awe na leseni, hata akiwa mtu mmoja, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wasiopokea amana, yaani wasiotunza akiba za watu. Mimi nilisaini bila kulijua hilo. Uliza leseni kabla hujakaa kwenye kiti. Na mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisimama mwaka 2023, ikarudi 2024. Kikundi chetu cha watu watano kimeshajisajili na tunafuatilia pale kata. Safari hii tumekwenda na hesabu mkononi, siyo na mgonjwa wodini.

Msomaji mwenzangu, sina kinyongo na wewe. Inawezekana uliwahi kumkopesha mtu akakutupa, na maumivu hayo nayaheshimu. Ila ukiona mwenye deni anamwagilia ua, usikimbilie kumhukumu. Huenda siku hiyo ndiyo ya kwanza baada ya miezi mingi kusimama nje ya mlango wake bila kuogopa.

Jabali letu linashika joto la jua mpaka usiku. Tukimaliza kula tunakaa pale juu, redio imewashwa, waridi liko kwenye ndoo yake ileile na sasa limenipita kiuno. Usiku wa giza taa za wavuvi zinawaka ziwani safu kwa safu, unaweza kudhani kuna mji mwingine umejengwa kule majini. Shija anazihesabu. Juzi alifika 64 akalala mapajani mwangu kabla hajamaliza.

Ukipita Kitangiri, uliza kwa Mama Kulwa wa dagaa. Kijiti cha waridi nitakukatia.

Mama Kulwa,
Kitangiri, Mwanza