Kutoka usawa wa bahari hadi Kibo: kwa nini tunauza siku sita, si tano

Swali la kwanza linaloingia ofisini kwetu Mtwara ni bei. La pili ni kama siku moja inaweza kukatwa ili bei ipungue. Kwa Kilimanjaro, njia ya Marangu, jibu letu la swali la pili ni hapana. Safari ya siku tano ipo, inaruhusiwa, na wapo wanaoiuza. Sisi tunauza ya siku sita, na tofauti ya siku hiyo moja ndiyo inayoamua kama utafika kileleni au utateremshwa ukitapika.

Tazama urefu wa mahali unapolala. Lango la Marangu liko karibu mita 1,870 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa kwanza unalala Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, mita 3,720. Wa tatu, kwa aliyenunua siku tano, ni Kibo, mita 4,720, na usiku huohuo saa 6 anaamshwa kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Hapa unapanda 1,000 kila siku, mfululizo. Siku ya sita haimalizi tatizo hilo, ila inakupa usiku wa pili Horombo. Mchana wake unapanda taratibu hadi kwenye Miamba ya Pundamilia, kama mita 4,000, unakaa kidogo, kisha unarudi kula na kulala chini. Mwili unaonjeshwa urefu kisha unapumzishwa. Ukiwa na uwezo wa siku saba kwa njia ya Machame ni bora zaidi, kwa sababu siku ya tatu unapita Lava Tower, mita 4,600 na ushee, halafu unateremka kulala Barranco chini ya mita 4,000. Ila Machame unalala kwenye hema, na Marangu kuna vibanda vyenye vitanda. Wateja wetu wengi wakishasikia habari ya baridi huchagua vibanda.

Oksijeni haipungui kwa maana ya kwamba hewa imebadilika. Kiwango chake ni asilimia 21 Mikindani na asilimia 21 Uhuru. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao kileleni ni kama nusu ya ule wa pwani, hivyo kila pumzi inaingiza nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili hujibu kwa kupumua haraka, na baada ya siku kadhaa kwa kurekebisha damu. Marekebisho hayo hayaharakishwi kwa nguvu za miguu. Vijana wanaocheza mpira kila jioni ndio wanaopanda mbio siku ya kwanza na kuumwa siku ya tatu. Na tusidanganyane kwamba watu wa kaskazini wana kinga: mkazi wa Moshi mjini anaishi kwenye mita 900 tu, na mlima unamwumiza vilevile. Kinachowaongezea watu wa kusini mzigo ni uchovu wa barabara, baridi wasiyoizoea, na malaria.

Malaria ndiyo inayotusumbua zaidi, na ni nadra kuiona ikitajwa kwenye matangazo ya safari. Dalili za ugonjwa wa mwinuko ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu na usingizi wa mang'amung'amu. Mtu wa pwani akizisikia anasema "malaria imenipanda", anameza dawa mseto na kuendelea kupanda. Na kinyume chake hutokea pia: vimelea vilivyoingia kwa kuumwa na mbu nyumbani huchukua wiki moja au zaidi kabla ya homa kutoka, kwa hiyo unaweza kuondoka Lindi mzima na kuugua Horombo, mahali pasipo na mbu. Kinachosaidia kutofautisha ni homa. Ugonjwa wa mwinuko wa kawaida haupandishi joto sana, malaria hupandisha. Ndiyo maana viongozi wetu hubeba kipimajoto na vipimo vya haraka vya malaria pamoja na kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni. Lakini iwe malaria au mwinuko, mwenye homa au kichwa kisichotulia kwa panadol na maji hapandi siku hiyo.

Kipimo cha kidoleni kisiwatie hofu. Pwani kinasoma 95 kwenda juu; Kibo mtu mzima wa afya anaweza kusoma 80 na akaendelea vizuri. Tunaamini zaidi jaribio la kutembea: mteja anapita kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akiyumba kama mlevi, au akijibu maswali ovyo, ubongo umeanza kuvimba. Akihema akiwa amekaa tu, akakohoa na kutoa povu lenye rangi ya damu, ni mapafu yanayojaa maji. Hali zote mbili huua ndani ya saa chache na dawa yake ya kwanza ni kushuka, usiku huohuo, mita 500 hadi 1,000, kwa machela ikibidi. Hapo hatusubiri mapambazuko, na mteja haombwi ruhusa.

Kabla hujalipa chochote, pita hospitali kwa mambo mawili. La kwanza ni seli mundu, ambayo ukanda wetu wa pwani inayo kwa wingi. Mwenye ugonjwa wenyewe hatumpeleki Kilimanjaro hata kwa mkataba, kwa sababu upungufu wa oksijeni ndio hasa unaozifanya chembe zake za damu zijikunje na kuziba mishipa. Mwenye kubeba vinasaba tu, asiyeumwa, anaweza kupanda baada ya kuongea na daktari, lakini ajue kwamba maumivu makali ya ubavu wa kushoto chini ya mbavu akiwa juu ni dalili ya wengu na anatakiwa kushuka mara moja. Wengi wanabeba bila kujua, hivyo pima. La pili ni dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, asetazolamaidi. Kipimo cha kawaida cha kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Itakukojoza sana na vidole vitachomachoma. Hiyo ni kawaida. Ila ni dawa ya jamii ya salfa. Kama umewahi kuvimba au kubabuka baada ya Septrin au SP ya malaria, mwambie daktari kabla hajaiandika.

Nguo tutazipitia haraka, maana orodha ndefu utapewa ukilipa nafasi. Usiku wa kilele joto hushuka hadi nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri, na upepo huongeza. Jinzi na fulana za pamba ziache nyumbani: zikilowa jasho hazikauki, na jasho hilo ndilo linalokugandisha ukisimama. Begi la kulalia, koti la manyoya na fimbo mbili tunakukodishia Moshi. Viatu usikodi. Nunua mapema, vizidi nusu namba, uvivae kwa wiki nne angalau, na ukate kucha za miguu kabla ya safari, kwa sababu kwenye kushuka vidole hugonga mbele kwa saa nyingi. Maji ya kunywa ni lita tatu hadi nne kwa siku, kwenye chupa ngumu. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi hifadhini, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019. Kibo hakuna maji. Yote yanabebwa na wapagazi kutoka chini, kwa hiyo usiulize ya kuoga. Usiku wa kilele geuza chupa kichwa chini ndani ya begi: barafu huanza juu, na mdomo utabaki wazi. Simu ilale nawe ndani ya begi la kulalia, vinginevyo chaji itakwisha kabla ya picha ya Uhuru.

Mazoezi ya kutembea ufukweni hayatoshi, kwa kuwa ufukwe hauna mteremko. Magoti huumizwa na kushuka: siku ya kilele unapanda mita 1,175 kisha unashuka mita 2,175 hadi Horombo, bila kulala katikati. Tafuta ukingo wa uwanda wa Makonde. Newala, pale Shimo la Mungu, kuna mteremko wa kukutoa jasho kwenda na kurudi. Walio Lindi wana uwanda wa Rondo. Panda na kushuka ukiwa na kilo sita mgongoni, mara mbili kwa wiki, kwa miezi miwili.

Sasa, lini? Kwa wengi huku kusini pesa ya safari ni pesa ya korosho. Minada hufunguliwa Oktoba, malipo yanapita AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, na simu zetu hulia zaidi Novemba. Kwa bahati mbaya Novemba ni vuli ya Kilimanjaro. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Wao wana miwili, vuli halafu masika ya Machi hadi Mei. Kati ya hiyo miwili kuna nafasi, Januari na Februari, wakati huku tunapalilia na kule juu ni kukavu. Ushauri wetu ni kulipa nafasi Novemba na kupanda mwishoni mwa Januari. Juni hadi Oktoba nako ni kukavu, lakini Juni na Julai baridi ni kali zaidi, na mwenye mikorosho yuko kwenye kupuliza dawa. Mwenye mshahara na likizo aende Septemba. Wiki ya Desemba 9 ina misafara ya maadhimisho ya Uhuru na vibanda hujaa. Kama unapenda shamrashamra ni yako, kama unapenda usingizi usiende.

Ukichagua Januari, ongeza siku moja ya akiba barabarani. Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560, Dar hadi Moshi karibu kiasi hichohicho, na mvua za kusini huweza kuifunga njia, kama ilivyokatika upande wa Somanga baada ya kimbunga Hidaya, Mei 2024. Ratiba yetu ina usiku mmoja Dar na usiku mmoja Moshi kabla ya lango. Anayeomba tumshushe kwenye basi alfajiri na kumwingiza msituni asubuhi hiyohiyo tunamkatalia.

Bei inajumuisha ada za hifadhi pamoja na ile ya uokoaji, vibanda, chakula, kiongozi mwenye leseni, mpishi na wapagazi. Mzigo wako usizidi kilo 15, kwa sababu mpagazi haruhusiwi kuzidi 20 pamoja na vitu vyake, na hupimwa langoni. Bahashishi ya wagumu, yaani wapagazi na wenzao wa mlimani, haimo kwenye bei. Itenge mapema, usiitafute siku ya kushuka. Mtoto chini ya miaka 10 haruhusiwi kwenda kileleni.

Asiyefaa kwa mwinuko huo, au mwenye siku nne tu, tunampeleka Udzungwa: unapita Mikumi, unalala Mang'ula, unapanda kwa siku moja hadi maporomoko ya Sanje yenye mita 170, na kichwa hakiumi.

Kuweka nafasi, njoo na kitambulisho cha taifa, kwa kuwa bila hicho huwezi kulipishwa kiwango cha raia, ambacho ni kidogo mno kuliko cha mgeni. Majibu ya kipimo cha seli mundu yatufikie kabla hatujalipia hifadhi. Ada ikishalipwa hatuahidi kuirudisha.