Risala ya Chama cha Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Manda Toto, Kisiwa Kisicho na Kisima

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, wanabodi, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu: Assalamu alaykum, na kwa wasio Waislamu, hamjambo nyote.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuvuka maji kuja kwetu. Tumeambiwa ulizaliwa mtaa wa Mkomani ukaondoka Amu, yaani Lamu, ungali mdogo, kwa hiyo tunakuita mgeni kwa sababu tu ratiba imeandika hivyo.

Vyama vilivyotutangulia vimekusomea mafanikio yao, vikombe na picha. Sisi hatuna kikombe. Tumekuletea kisiwa.

Kisiwa chenyewe ni Manda Toto. Ukitoka gatini Amu maji yakiwa yamejaa, ukapita mkondo wa Mkanda kati ya Manda na bara, ukaingia ghuba ya Manda na kuelekea mashariki kama mwenye safari ya Pate, utakiona mkono wa kulia karibu na mlango wa bahari kuu. Kimekaa ubavuni mwa Manda kama mtoto aliyeshika leso ya mamake asipotee sokoni, na jina lake limetoka huko. Hakina nyumba, hakina msikiti, hakina hata kibanda cha kuuzia madafu. Wanaopeleka wageni kuogelea na kutazama matumbawe hukitangaza kuwa "kisiwa kitupu", na neno hilo ndilo lililotutoa darasani.

Mwalimu wetu wa jiografia aliuliza swali dogo: kitupu kwa nini? Amu ina watu, Pate ina watu, Siyu na Faza vivyo hivyo. Majibu yalikuwa mengi kama wanafunzi. Kuna aliyesema majini, kuna aliyesema maharamia, na mmoja wa kidato cha pili akasema hakuna mtandao. Tukaona bora twende.

Tulikwenda wanafunzi kumi na wanne na walimu wawili, siku ya bamvua, maji yanapojaa sana, ili Mkanda utupitishe bila mashua kupanda mchanga. Mheshimiwa, lazima tukiri kosa letu. Tulibeba mitungi miwili tu ya maji ya kunywa, na kabla ya adhuhuri yote ilikuwa mikavu. Wawili wetu wakaanza kufukua shimo nyuma ya ufuo. Nahodha aliwatazama kwa muda, kisha akasema kwa Kiamu chake: "Hata mutimbe hata magharibi, mai ya hapa ni munyu," yaani hata mkichimba mpaka magharibi, maji ya hapa ni chumvi. Hawakumsikiliza. Maji waliyapata, kweli, wakayaonja, na nyuso zao zikatujibu swali la mwalimu.

Tuliporudi tulitafuta sababu kwenye maabara. Maji ya mvua ni mepesi kuliko maji ya bahari. Yakishuka ndani ya kisiwa hayachanganyiki mara moja na chumvi iliyo chini, bali huelea juu yake kwa umbo la punje ya adesi, nene katikati na nyembamba kandoni. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyoinuka juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 zilizozama chini yake. Punje hiyo inahitaji kisiwa kipana ili ikae. Hapa Amu tumebarikiwa vilima vya mchanga vya Shela, vinavyonyonya mvua na kuihifadhi, na maji ya mji huu yanatoka huko. Manda Toto ni kidogo, na mwamba wake una matundu kama sifongo. Mvua inaingia juu, bahari inaingia pembeni, basi. Maji matamu, ambayo wazee huyaita maji ya pepo, hayana pa kutulia.

Mama mtu, Manda yenyewe, naye alionja kiu hiyo. Upande wake wa kaskazini palikuwa na mji tangu karne ya 9. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyeanza kuuchimba mwaka 1966, alikuta vyombo vilivyotoka Ghuba ya Uajemi na China, matofali ya kuchomwa ambayo ni nadra sana katika majengo ya kale ya pwani yetu, na kuta za kuzuia bahari zilizojengwa kwa majiwe makubwa ya matumbawe. Huo haukuwa mji wa watu wanyonge. Upande wa pili, mwisho wa kijito cha mikoko, ipo Takwa, iliyostawi katika karne za 15 hadi 17, na msikiti wake mkubwa, ukuta wake, na lile kaburi la mnara lenye mwaka 1094 wa Hijria, yaani karibu 1683 Miladia. Takwa ilihamwa. Inasemekana visima vyake viligeuka chumvi, na watu wake wakavuka mlango wa bahari kwenda Shela. Mpaka leo wapo watu wa Shela wanaorudi kwenye kaburi lile kuomba dua ya mvua. Wengi wetu tulikwishaenda ziara ya Takwa tukiwa shule ya msingi, tukapiga picha, tukala biriani. Ni safari hii tu tulipofahamu kwa nini wanaombea mvua pale na si mahali pengine.

Basi, mheshimiwa, tukiambiwa Manda Toto ni kitupu, tunauliza: kama mji wenye kuta na visima ulishindwa na chumvi pale Manda, nani angejenga kwa mtoto?

Kuhusu mwamba wenyewe hatutakuchosha, ila jambo moja lilitushangaza. Jiwe la kisiwa kile lilikuwa hai. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na matumbawe yakajijenga humo. Kisha bahari ikashuka. Miaka kama 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yakiwa yameganda barafu, ilikuwa chini kwa mita 120 hivi, na mtu angetoka Mokowe, kule bara, kwa miguu hadi Manda Toto bila kulowa wala kulipa nauli. Bahari ilipopanda tena ndipo Amu, Manda, Pate na hicho kidogo vikawa visiwa. Kuta za nyumba zetu ni ndugu wa mwamba huo, na nakshi za mawe zilichongwa kwa matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa mabichi, kwa kuwa hayo huwa laini kwa patasi.

Matumbawe yaliyo hai kandokando ya kisiwa ndiyo yanayotupa wasiwasi. Huku kwetu hayajawahi kuwa mengi kama ya Malindi na kusini zaidi. Sababu ni mikondo. Wakati wa upepo wa kusi maji hukimbia kaskazini. Kaskazi ikishika, mkondo wa Somalia hugeuka, ukaja kukutana na ule wa kusini, na maji ya baridi yenye rutuba hupanda kutoka chini. Wavuvi hufurahi, samaki hushiba, lakini matumbawe hupenda maji ya vuguvugu na maangavu. Kisha ukaja mwaka 1998, bahari ikapata joto kupita kiasi kwa El Niño, na matumbawe mengi ya pwani yote ya Kenya yakapauka na kufa. Tumbawe la aina ya jiwe hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Maana yake ni kwamba lililoanza upya baada ya joto lile bado halijamfika kiunoni mtu mzima.

Sasa tazama nanga. Tulihesabu mashua tano siku ile, pamoja na yetu, na kila moja ilitupa nanga yake juu ya matumbawe, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kujifunga. Tulisikia mlio wa nanga yetu wenyewe ikivuta jiwe, na hatukuupenda. Manahodha hawana lawama. Mmoja alituambia angefurahi kupata pa kufunga kamba, maana nanga ikinasa ni yeye anayezama kuitoa. Na tangu Mei 2021, gati la kwanza la Bandari ya Lamu lilipoanza kazi, meli kubwa nazo huingia ghuba hii. Hatupingi bandari. Baadhi ya wazazi waliokaa hapa wanatafuta riziki huko. Tunasema tu kwamba tope likitibuka huziba mwanga, na tumbawe bila mwanga hufa njaa.

Ombi letu la kwanza ni maboya ya kufungia mashua, manne au matano, yenye nanga ya kudumu penye mchanga. Fundi wa kuyaweka yupo Amu, fedha ndizo hazipo. La pili ni jaketi za kujiokoa za wanafunzi, kwa kuwa safari iliyopita tuliazima, na mbili hazikuwa na mikanda. La tatu halina gharama: unapokutana na wanaoandika matangazo ya utalii, waombe waliondoe lile neno "kitupu". Waandike "kisichokaliwa", na wakipenda waongeze sababu yake.

Bamvua ijayo inaangukia Jumamosi, na mashua itaondoka gatini baada ya alfajiri, maji yakiwa bado yamejaa. Nafasi yako tumeiweka mbele, karibu na nahodha. Tafadhali uje na maji yako ya kunywa.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi, wanachama wa Chama cha Mazingira.