Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: tuandikieni GMO kwa paketi

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mama mwenye kibanda cha chakula hapa Nakuru, napika ugali, sukuma, maharagwe na nyama ya soya kwa wale bei ya nyama imewashinda. Nimenyamaza muda mrefu nikisema serikali itafanya, lakini hii wiki nimefika mwisho.

Kuna sauti imezunguka kwa magrupu ya WhatsApp, mtu hata hatumjui anasema unga na soya za paketi ni GMO, yaani za mimea iliyobadilishwa jeni kwa maabara, na zinaleta kansa. Mchana wateja wangu wa mjengo wakaingia, mmoja akasukuma sahani akaniuliza, mama, hii ni GMO ama si GMO? Nikachukua paketi nikaigeuza mbele na nyuma, kuna protini, kuna tarehe ya kuharibika, hata kuna maelezo ya kupika. Ya GMO hakuna, si ndiyo wala si hapana. Wakaondoka wote, na sufuria ya ugali nikabaki nayo, na karo ya watoto sijamaliza.

Nikauliza mwenye duka, akanituma kwa saplaya, saplaya akasema uliza kampuni, nikapigia ofisi moja ya serikali wakaniambia niandike imeili, nikaandika na mpaka leo kimya.

Sasa Mheshimiwa nisikize vizuri, juu najua kuna watakaosema huyu mama anapinga sayansi. Sijasema GMO ni sumu. Ule utafiti wa panya wa Ufaransa uliotutisha sote 2012, uliosema mahindi ya GMO yanaleta uvimbe, jarida lililouchapisha liliuondoa 2013, na hilo nimewaambia wateja wangu mimi mwenyewe. Mambo ya kukataza ama kuruhusu ni ya serikali na korti. Mimi nataka kujua ninachopikia watu.

Na sheria iko! Kanuni za lebo zilitoka 2012, zinasema chakula kikipitisha asilimia 1 ya GMO lazima kiandikwe. Katiba kifungu cha 46 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa. Novemba hiyo 2012 serikali ikafunga GMO isiingie nchini, na nadhani hapo ndipo kanuni zikalala kwa droo, juu nani ataweka lebo kwa kitu kimekatazwa. Sawa. Lakini Oktoba 2022 mkafungua, mkasema ni ukame, na mwezi uliofuata Moses Kuria akiwa Waziri wa Biashara akasema hadharani kwamba Kenya tayari kuna vitu vingi vya kuua mtu, hakuna ubaya kuongeza GMO kwa hiyo orodha. Maneno hayo hayajatoka kwa kichwa cha mtu yeyote hapa sokoni, Mheshimiwa, na ndiyo maana sauti moja ya WhatsApp inaaminika kuliko nyinyi. Tangu hapo ni korti kusimamisha na korti kufungua, Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha tena. Mwananchi atajuaje nini kimeingia na nini hakijaingia?

Kinachoniuma zaidi ni mahindi ya gorogoro, yale ya kupimwa kwa mkebe. Wengi wetu hatununui unga wa paketi, tunanunua mahindi sokoni tunapeleka posho kusagwa. Gunia likishafunguliwa likamwagwa pale, lebo itabaki wapi? Kwa hivyo hii kazi ianzie bandarini Mombasa na kule mipakani, gunia liwe na alama, risiti ya kila anayeuza iandikwe, na wa sokoni aweke kibao karibu na kile cha bei.

Mimi naona ni kama wenye viwanda wanaogopa mauzo yatashuka na nyinyi mnaogopa kuwakasirisha. Lakini yangu yameshashuka, na sina kiwanda.

Tafadhali Mheshimiwa, toa agizo, na uliwekee tarehe. Andikeni kwa paketi, kwa Kiswahili, herufi kubwa, upande wa mbele. Kama GMO iko, andikeni iko. Kama haiko, andikeni haiko. Lakini andikeni.

Wako,
Mama mwenye kibanda, Nakuru